Mvule wa Fundi Odera

Fundi,

Za huko siwezi kukuuliza, kwa hivyo nitakupa za huku. Nimeketi karakanani Kawangware, kwenye benchi lile la kupindia mbavu za ukulele. Mvua inapiga mabati, barabara imekuwa matope matupu, na stima imepotea tangu asubuhi. Nimekaa tu. Ndiyo maana naandika. Kuna mambo yametokea tangu uende na sina wa kumwambia. Mama yangu kule Mashimoni nikimwambia atalia. Wafula wa duka la viti atacheka, halafu atayapeleka barabara nzima. Na mkeo, Mama Awino, yeye ndiye habari yenyewe.

Nianze na lile ungeuliza kwanza. Mvule wako haupo. Zile mbao ulizozipanga juu darini, ukaweka vijiti katikati ili hewa ipite, ukakataza mtu kuziegemeza hata mwavuli, hazipo tena. Uko nazo wewe. Umelala ndani yake.

Najua umekunja uso. Ngoja nikueleze.

Ulipolazwa mara ya mwisho uliniambia, "Nyathina, hii ni vumbi tu, itatoka." Umeniita hivyo, mtoto wangu, tangu siku ya kwanza, na kila ulipotaka kunidanganya ulilitanguliza hilo neno. Haikutoka. Daktari alituita pembeni, mimi na Mama Awino, akatuuliza ulikuwa unafanya kazi gani. Nikamwambia. Akauliza kama ulikuwa unafunika pua ukipiga msasa. Mama Awino hakumwangalia daktari. Aliniangalia mimi. Mimi nikaangalia viatu vyangu, kwa sababu zile barakoa nilizokuletea ulikuwa unafungia nyuzi, na nilishachoka kugombana na wewe. Siku chache baadaye ukaenda, asubuhi, kabla uji haujaletwa.

Kikao cha matanga kikakaa kwenu Sarang'ombe, Kibera. Nyumba ilijaa, wengine wakakaa nje juu ya mtaro. Ndugu zako walikuwa wamefika kutoka Siaya. Waliongea juu ya basi, wakaongea juu ya mochari, wakafika kwenye jeneza. Mdogo wako Ochieng akasema anajua mahali wanauza mazuri, yenye kioo upande wa uso na vitambaa vyeupe ndani. Mama Awino alikuwa ameketi kwenye kona na lesso mabegani, hajasema neno siku nzima. Akasema, "Asinunuliwe jeneza. Kuna mbao pale Kawangware. Amezitunza kuliko alivyomtunza mtu yeyote wa nyumba hii. Alale ndani yake."

Ochieng akasema, "Shemeji, huo ni mvule. Mvule ni mali."

"Nimesema," akajibu. Halafu akageuka mlangoni, mahali nilipokuwa nimesimama na birika la chai. "Nafula ndiye anajua ziko wapi. Yeye ndiye atatengeneza."

Hakuuliza kama ninaweza. Nami sikusema siwezi.

Nilizishusha na Wafula. Fundi, ulikuwa umeziandika kwa chaki. Mgongo. Mbavu. Mgongo. Mbavu. Kila ubao ulishajua utakuwa nini. Nilipitisha randa juu ya yale maandishi mpaka yakatoka, na mikono ilikuwa inafanya kazi kama si yangu. Urefu wako sikuhitaji kuambiwa na mtu, kwa maana mlango huu wetu ulikuwa unauinamia kidogo tu ukiingia. Pembe nilizifunga kwa ulimi na shimo, bila msumari, jinsi ulivyonifundisha. Wafula akaniuliza mbona nasugua hivyo kitu kinachoenda kuoza chini ya udongo. Nikazidi kusugua. Kifuniko kilipokuwa tayari nilikigonga kwa kidole, mazoea tu. Kikajibu. Kilijibu vizuri sana, sauti nene, ndefu, ile uliyokuwa unaitafuta. Wafula akaniambia niache, mwili unamsisimka.

Sasa nataka nikukumbushe kitu, kwa sababu nadhani huko nyuma ndiko mambo yalikoharibikia, na si kwa kosa la mtu mmoja.

Tulipojuana nilikuwa napiga msasa stuli za Wafula. Kabla ya hapo nilikuwa nafua nguo za watu Lavington, kwa hivyo vumbi niliona ni nafuu. Nilikuwa na tabia ya kugonga mbao nikizipanga. Wewe ulikuwa hapa ndani, ukanisikia, ukatoka na miwani yako kwenye paji la uso. Ukaniuliza, "Unasikia nini?" Nikakuambia, "Huu unanyamaza. Huu unajibu." Ukasema, "Kesho uje kwangu," ukarudi ndani. Hata jina hukuniuliza.

Nilikuta umeshaanza ukulele, zile gitaa ndogo za nyuzi nne. Ulinisimulia mara nyingi jinsi Mwalimu Beatrice alivyokuletea ile ya kwanza kutoka shule yake ya Sarang'ombe. Mgeni fulani aliwaachia watoto, mtoto akaikalia. Alitaka uigundishe tu. Wewe ukaifungua yote kwa kisu cha moto, ukapanga vipande juu ya benchi, ukaviangalia mpaka chai ikapoa. Halafu ukasema, "Ni sanduku tu. Sanduku lililofunzwa kuongea." Na ukaacha viti na meza kabisa, watu wakadhani umerukwa na akili. Barabarani waliiita gitaa ya watoto. Walisema mzee Odera anatengeneza gitaa ambazo hazikukua.

Ukanifundisha miti. Uso tulitengeneza kwa saipresi ya Limuru, ile yenye mistari iliyokaribiana. Shingo kwa mahogani ya milango mikuukuu. Migongo na mbavu kwa mukima, ule mti Wakikuyu wanaupanda mipakani mwa mashamba, au kwa jakaranda walipoikata kupanua barabara. Nakumbuka tulivyofukuzana na lori la watu wa barabara tukiomba gogo moja. Ulikuwa unakimbia na kukohoa na kucheka, na dereva akasimama kwa sababu ya kucheka kwako. Nakumbuka mbavu ya kwanza niliyopinda juu ya bomba la moto ikavunjika mikononi mwangu, na wewe ukainusa pale ilipovunjika, ukanipa ninuse pia, ukasema, "Sasa unaujua."

Na mvule ulikuwa juu darini. Ulikuwa mti wa boma la baba yako, ulianguka kwa upepo, ukapasuliwa mbao kabla mimi sijakujua. Ulikuwa unausubiri. Ulisema utakapokuwa tayari utatengeneza ukulele za darasa zima la Mwalimu Beatrice, zifanane, kutoka mti mmoja, watoto wasigombanie nzuri na mbaya. Ulimwahidi mwalimu. Nilikuwepo.

Lakini wakati sisi tunanusa mbao, Fundi, watu walikuwa wanatuangalia. Mimi mwanamke asiye na mume, wewe mume wa mtu, tumefungiana kwenye chumba cha mabati siku nzima, mlango tumerudisha ili upepo usipeperushe vumbi. Nilisikia maneno. Nawe ulisikia. Nilikuambia siku moja, nikasema nipeleke nyumbani kwako nikamsalimie Mama Awino, aniketishe, anijue. Ukasema, "Mama Awino hapendi maneno ya kazi." Ukaendelea kukwangua shingo. Niliacha hapo. Ulikuwa mkubwa wangu, ningekusukuma vipi.

Basi tukakusafirisha. Siaya walikupokea vizuri, nyimbo zilikuwa nyingi na mahema mawili. Binti yako Awino hakupewa ruhusa na wale Waarabu anaowafanyia kazi ng'ambo, kwa hivyo Ochieng alimshikia simu aone. Mtandao ulikuwa unakatika. Kila mtandao ukirudi Awino alikuwa anasema, "Nionyeshe tena mahali amelala." Ochieng akashusha simu mpaka karibu na mbao. Mwanao alilia juu ya kazi ya mikono yangu bila kujua ni yangu.

Wasifu wako ulisomwa. Mke, watoto, ndugu, wajukuu, kanisa, chama cha watu wa kwenu Kibera. Mimi sikutajwa. Hata "wafanyakazi wenzake" haikusomwa. Nyuma ya nyumba nilikuwa naosha sufuria na wanawake, na mmoja akamwambia mwingine kwa Kijaluo, "Ndiye huyo wa Kawangware." Walidhani sisikii. Nimekaa na wewe miaka, Kijaluo nasikia. Mama Awino alikuwa amesimama hapo hapo, anachota maji. Alisikia pia. Akajaza ndoo yake, akaenda.

Hapo ndipo nilikukasirikia. Nilikuwa nimelia njia nzima, lakini pale juu ya sufuria machozi yaliisha ikaja hasira. Kwa nini hukumwambia mtu mimi ni nani? Neno moja lingetosha. "Huyu ni mwanafunzi wangu." Ulikuwa unajua kuongea, mbona. Hata na miti ulikuwa unaongea.

Niliporudi Nairobi nilifungua karakana, nikafagia, nikaketi. Mwalimu Beatrice akaja. Alinipa pole, akakaa kwenye stuli yako bila kujua ni yako. Akasema, "Nafula, sikuja kudai. Watoto wanauliza tu." Nikamwambia nitazitengeneza. Sikumwambia mvule uko wapi. Nadhani alikuwa ameshaambiwa, kwa sababu alikuwa anaangalia dari.

Nikanunua mukima kwa muuzaji mmoja aliyeniapia ni mkavu. Niliugonga, ukanyamaza, na bado nikauchukua, maana sikuwa na mwingine. Nikapinda, nikagundisha, nikafurahi kidogo. Siku moja niko nakunywa chai nikasikia pa. Mgongo ulikuwa umepasuka kutoka kiunoni mpaka chini. Ya pili haikupasuka, ilijikunja tu pole pole kama jani. Niliziweka zote mbili chini ya benchi nikazifunika na gunia. Mara tu baadaye Mama Njambi, mwenye ploti, akaja na kijana wake Kimani. Mama Njambi hakusema mengi, alikuwa ameinama tu. Kimani ndiye aliongea. Anataka kujenga nyumba za mawe hapa, ghorofa, akasema mvua zikiisha tuhame. Alisema kwa heshima, siwezi kumlaumu. Aliniita dada.

Nikarudi Lavington. Nilikaa getini na wanawake wengine asubuhi, tukingoja kuitwa kufua. Mikono ikaanza kunuka sabuni tena. Nilijiambia ni kwa muda. Lakini nilikuwa najua mtu akijiambia hivyo inakuwaje.

Jumamosi moja nilipita hapa kuchukua patasi zangu, Wafula alitaka nimwazime. Nikiwa natafuta, nikasikia mtu anapiga mluzi watu wapishe njia. Mkokoteni. Juu yake kitanda, kimefungwa kwa kamba, ubao wa kichwani umesimama kama mlango. Na nyuma ya mkokoteni, kwa miguu, kutoka Sarang'ombe mpaka hapa, Mama Awino amevaa kitambaa chake cha kanisa.

Nilidhani anahamia ushago, kwenu Siaya, na anapita kuniaga. Nikatoka. "Mama, karibu. Kitanda kimevunjika?"

"Hakijavunjika," akasema. Akamwambia mwenye mkokoteni, "Ingiza ndani."

Unajua Mama Awino hakuwahi kukanyaga hapa. Miaka yote ile. Aliingia, akasimama katikati, akazunguka na macho. Akaangalia bomba la moto, makopo ya gundi, zile fremu za umbo ulizochonga. Akaangalia stuli mbili. Akaangalia dari pale palipo patupu.

"Ni hapa?"

"Ni hapa, Mama."

"Padogo hivi."

Akaketi. Nikampa maji akanywa nusu. Halafu akaongea, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Hiki kitanda ni mti ule ule. Alipoupasua, mbao za kwanza alitengeneza hiki, ndiyo tulikuwa tumepewa nyumba. Zilizobaki ndizo tulimzika nazo. Mwalimu Beatrice amekuja kwangu, akaniambia watoto wanangoja na wewe unafua nguo. Sasa mbao hizi hapa."

Nikamwambia siwezi. Nikamwambia, "Mama, hiki ni kitanda chenu."

Akaniangalia moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Akasema, "Nafula. Miaka hii yote watu wananiambia unalala kwenye kitanda changu. Basi kichukue. Kipasue hapa mbele yangu. Nataka kuona hiyo kazi mliyokuwa mnafanya."

Wafula alikuwa ameshikilia mlango. Hata yeye aliondoka.

Nilikipasua, Fundi. Nilitoa kwanza zile kabari zako, moja moja, na kilifunguka kama kilichotengenezwa jana. Nilipoanza mguu wa upande wa ukutani msumeno ukakwama, meno mawili yakaruka. Kulikuwa na msumari ndani. Nikashangaa, maana wewe na misumari. Mama Awino akasema, "Huo ni wangu. Mguu ulikuwa umelegea, nikamwambia, akasema kesho. Kesho ikawa miezi. Nikaupigilia mwenyewe." Akaupapasa ule msumari. "Alikuwa anatengeneza vitu vya watu wote."

Vumbi lilipoanza kupanda alisimama, akavua lesso yake, akaja nyuma yangu akanifunga puani na mdomoni, akakaza fundo mpaka nikaumia. "Funika. Sitazika mwingine kwa hii kitu." Tangu siku hiyo sijapiga msasa pua wazi. Akija anaangalia hilo kwanza, kabla ya salamu.

Mbao tulizipeleka kwa mashine ya kona zikapasuliwa nyembamba. Mvule ulikuwa umekauka mpaka ndani, rangi ya chai ya rangi. Nilipogonga wa kwanza nilishika mdomo. Ungekuwepo ungekaa chini.

Akaanza kuja. Anamaliza kuuza omena zake, anaosha mikono harufu ya samaki itoke, anakuja. Nilimpa msasa na kipande cha ubao. Mwanzo alisugua kama anasugua sufuria, nikamwonyesha afuate mistari. Akafuata. Tulikaa hivyo alasiri nyingi, yeye stuli ile, mimi hii. Hatukuongea sana. Siku moja, bila kuinua kichwa, akasema, "Nitakuuliza mara moja tu, na sitarudia."

"Uliza, Mama."

"Kulikuwa na kitu?"

"Hakukuwa na kitu, Mama."

Akaendelea kusugua. "Sasa mlikuwa mnaongea nini siku nzima?"

Nilifikiria. Nilitaka kumpa jibu zuri, la kumtuliza. Lakini nilimwambia lililokuwepo. "Tulikuwa tunaongea juu ya mbao. Siku nyingine hatukuongea kabisa."

Mkono wake ukasimama. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Akasema, "Hata mimi hakuwa ananiongelesha. Anakuja, anakula, anakohoa, analala. Mimi nilikuwa najua maneno yake yote yanaishia hapa kwako. Nilikuwa naona wivu wa maneno, Nafula. Si wa kingine. Maneno." Halafu akalia. Nilikaa na lesso yake usoni mwangu, sikujua kama nimguse au nisimguse. Nikamgusa mkono, ule wenye msasa. Hakuuondoa.

Nikikuambia aliniamini nitakuwa nakudanganya. Siku zingine anakuja ananiita binti yangu. Siku zingine anaingia, ananiona, uso unafunga, anafanya kazi yake anaenda. Maneno ya watu yalikaa kwake muda mrefu kuliko mimi. Nimekubali. Lakini hilo ni lako, Fundi, si langu wala lake. Wewe ndiye ulikuwa na ufunguo ukakaa nao mfukoni. Nimekuwa nikikutetea kwa kila mtu, kwa hivyo nitakuambia wewe peke yako: ulitukosea wote wawili. Ulimpenda, najua, maana ukila mchana hapa ulikuwa unaweka kando mnofu wa samaki umpelekee nyumbani. Mimi niliona. Yeye hakujua kama unamuwekea, alidhani ni mabaki, umeshiba.

Nilimwambia hilo la samaki. Aliuliza, "Kweli?" Nikamwambia kweli. Alirudia kuuliza wakati wa kuondoka.

Ukulele za Mwalimu Beatrice ziliisha. Zinafanana, kama ulivyotaka. Mbao za ubavuni na za chini ya godoro zilitosha, ila ilibidi migongo niunge vipande viwili viwili katikati, na mahali pengine shimo la kabari nimeliziba na mzeituni. Zina sauti nzito kidogo, za chini, si zile za kulialia. Tulizibeba mpaka Sarang'ombe tukazipeleka darasani. Watoto walizinyakua, wakaanza wote mara moja, kila mmoja na lake, ilikuwa fujo tu. Mwalimu Beatrice alikuwa anafuta macho na karatasi ya chooni. Mama Awino alisimama mlangoni muda kidogo, akasema, "Kelele tupu," akaondoka. Lakini hakufika mbali. Nilimkuta kwenye kibanda cha maji, amesimama, hana mtungi.

Kuna moja haikwenda shule. Ubao wa kichwani, upande wako, ulikuwa na doa jeusi mahali kichwa chako kiliegemea miaka yote. Mafuta ya nywele zako. Nilisugua, likapungua, halikutoka. Nikauliza nitupe kipande hicho au nikitumie ndani kisionekane. Mama Awino akasema, "Kiweke mgongoni, nje. Usikisugue tena." Hiyo ameiweka kwake, ukutani. Hajui kupiga. Jioni moja jirani alijaribu kuichukua amchezee, Mama Awino akamwambia airudishe.

Hizo ndizo za huku. Si nzuri zote. Kimani bado anataka tuhame na sijapata mahali. Nimeangalia Silanga, karibu na wauza makaa, lakini pale moshi utaingia kwenye mbao, na majirani wataniambia juu ya vumbi, na watakuwa na haki. Nami asubuhi nakohoa. Kidogo. Nimekwenda nikapigwa picha ya kifua, nangoja waniambie. Mama Awino ndiye alinipeleka, alikaa nami kwenye foleni, na kila nikikohoa alikuwa ananigeukia. Naogopa, Fundi. Sikutaka kukuficha.

Nimepata gogo la mukima, zuri, la mzee mmoja wa Kikuyu aliyeangusha mti wa mpakani baada ya kugawia wanawe shamba. Nimelipasua, nimelipanga juu darini na vijiti katikati. Tukihama, zitahama nami, hata kama ni kichwani. Sina haraka nazo.

Sasa nikuage, maana karatasi imebaki upande mmoja.

Nakuahidi nitafunika pua. Nakuahidi daktari akiniambia niache msasa, nitaacha msasa, nitafute mwingine nimfundishe kusikiliza, na nitampeleka kwa watu wake siku ya kwanza niseme huyu ni nani kwangu na mimi ni nani kwake. Na nakuahidi la tatu, ambalo hutalipenda. Mkeo analala chini kwenye godoro, anasema yuko sawa, na baridi ya Kibera unaijua inavyotoka sakafuni. Mbao hizi za mukima zikikauka, za kwanza si za ukulele. Ni kitanda cha Mama Awino. Ninajua ungesema mbao zenye mistari namna hii zisipotezwe kwa miguu ya kitanda. Ungeweza, ungerudi uzichague mwenyewe. Basi sema. Safari hii fundi ni mimi.

Pumzika.

Nafula